Maswali ya Wasomaji: Watu wa Kujitolea Katika Sherehe za Mji

Miongoni mwa barua zilizotufikia kutoka Kusini mwa Tanzania, tatu zinahusu jambo moja, yaani watu wa kujitolea katika sherehe za kuadhimisha kuanzishwa kwa mji. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu matatizo yaliyomo ndani yake yanaikabili karibu kila kamati. Nyingine mbili ni fupi, na majibu yake pia ni mafupi.

Majina mia mbili, watu kumi na mmoja

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ndogo ya wakazi wa hapa Nachingwea, ambao tungependa mwaka 2027 tuadhimishe miaka 80 tangu kuanza kwa mpango wa Waingereza wa kulima karanga, uliouzaa mji wetu. Tulifungua kundi la WhatsApp la watu wa kujitolea, na majina yakapita mia mbili. Tulipoitisha usafi wa uwanja tunaotarajia kuutumia, walikuja watu kumi na mmoja, wanne kati yao wakiwa wajumbe wa kamati, na baadhi ya waliokuja waliuliza posho ni kiasi gani. Mwenyekiti wetu anasema kwamba moyo wa kujitolea umekufa na kwamba ni afadhali tuajiri vibarua. Zaidi ya hayo, mzee mmoja tuliyemwomba atusimulie habari za zamani alikataa, akisema kwamba watu wake walikuwa wakilima hapa kabla ya tingatinga la kwanza kufika, hivyo haoni anaadhimisha nini. Tufanyeje?
Katibu, Nachingwea

Marahaba, ndugu Katibu, na hongereni kwa kuanza mapema.

Naomba nianze kwa kutokubaliana na mwenyekiti wako. Watu walewale ambao hawakutokea uwanjani, mtaani kwao kukitokea msiba usiku wa manane, alfajiri wanakuwa wameshafika: vijana wanashika majembe na sururu kwenda kuchimba kaburi, kina mama wanapanga mafiga na kuulizana nani ana sufuria kubwa, mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka anakaa kwenye meza ndogo na daftari la rambirambi, na watani wanaanza vituko vyao bila kualikwa. Hakuna anayelipwa, na hakuna anayehitaji kuelezwa kazi yake ni ipi. Msibani kila mtu anajua mahali pake, anajua ni nani anayemtazamia afike, na anajua kwamba asipofika pengo lake litaonekana na litasemwa. Katika kundi lenu la WhatsApp, mtu wa mia mbili hana pengo la kuacha. Ameandika jina lake kwa nia njema, akaona wenzake wengi wameandika, akaamini kwamba watatosha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao mengine yote yanautegemea, ni kwamba muache kuwaomba watu mmojammoja waje kusaidia, na badala yake mviendee vikundi vilivyokwisha kuwapo na kukiomba kila kimoja kazi moja inayotajika kwa jina. Mna vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo vingi vina turubai, viti na masufuria yao wenyewe pamoja na mtunza vifaa anayejua kila sinia liko kwa nani. Mna vikundi vya VICOBA, ambavyo wanachama wake wamezoea kuhesabu fedha mbele ya macho ya wote. Mna kwaya na madrasa, ambazo watu wake wamejifunza kufika kwa wakati na kumsikiliza mtu mmoja. Mna timu za mpira na vijiwe vya bodaboda, ambavyo vinaujua kila uchochoro wa mji. Kiongozi wa kikundi akisimama mbele ya watu wake na kukubali kwamba siku ile wao ndio watakaosimamia maegesho ya magari na pikipiki, mtu asiyefika anawaangusha wenzake anaokutana nao kila wiki, jambo ambalo ni zito kuliko kuiangusha kamati asiyoijua vizuri. Wale mia mbili wa WhatsApp msiwafute. Waulizeni kila mmoja ni wa kikundi gani, na wasio na kikundi muwagawe katika vikundi vinavyohitaji watu.

Hapa naomba nikae kidogo kwenye neno kazi, kwa sababu nimeona kamati nyingi zikiandika majukumu ambayo si kazi. Katika kumbukumbu za vikao utakuta imeandikwa kwamba fulani na fulani watahusika na maji. Siku ikifika, fulani anadhani fulani mwingine ameshanunua, na saa 6 mchana watoto wa shule waliotembea kwenye maandamano wanakaa kwenye vumbi wakitafuta kivuli na hakuna kikombe. Kazi ya maji, ikiandikwa ipasavyo, ni hii: kabla ya saa 1 asubuhi, watu wawili wenye mkokoteni wanajaza madumu ya lita 20 ya kutosha kwenye bomba lililokwisha kukubaliwa na mwenye nyumba, maji yakiwa yamechemshwa au kutiwa dawa, madumu hayo yanawekwa mahali pawili palipowekewa alama, pa kwanza mwanzo wa njia na pa pili chini ya mwembe ulio karibu na jukwaa, kila mahali pana ndoo yenye koki na mtu mmoja wa kumimina, ili watu mia wasichote kwa kikombe kimoja, mtu huyo anapokezana na mwenzake saa 5, na jina la mwenzake limeandikwa, jioni madumu yanarudi kwa walioyatoa, na mtu wa kuyarudisha naye ana jina. Mkiweza kuiandika kazi hivyo kwenye nusu ya karatasi, mtaona kwamba mnahitaji watu wanane kwa maji, wala si thelathini, na kwamba wanane hao wanapatikana.

Kila kundi la watu wanane au kumi lipate msimamizi mmoja, na msimamizi huyo asiwe mjumbe wa kamati, kwa sababu wajumbe siku ile wataitwa kupokea wageni na hawataonekana tena. Zamu isizidi saa nne, na katika jua la mchana isizidi tatu. Kuhusu fulana zenye maandishi, ambazo kila kamati huzitamani, mimi nasema ziacheni kama fedha haitoshi. Vipande vya kanga vilivyochanwa na kufungwa mkononi, rangi moja kwa kila kazi, vinamtambulisha mtu vizuri, na fedha iliyookolewa inanunua unga.

Sasa posho. Ni rahisi kuwalaumu vijana walioulizia, lakini mimi siwalaumu. Wameshuhudia semina na mikutano ambamo aliyekaa kwenye kiti anaondoka na bahasha na aliyepanga viti anaondoka na asante, na wamejifunza kuuliza mapema. Njia ya kulimaliza jambo hili ni kulisema waziwazi siku ya kwanza, kabla mtu yeyote hajaandikwa, na kulitenganisha katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni malipo ya kazi, nayo hayapo kwa yeyote, kuanzia mwenyekiti hadi mtoto wa kubeba bendera. Fungu la pili ni gharama ambazo mtu hapaswi kuzibeba kwa kuwa amekubali kusaidia: nauli ya kweli ya anayetoka kijijini, chakula na maji ya zamu, na vocha kwa wasimamizi wanaolazimika kupiga simu. Mambo hayo yaandikwe kwenye karatasi moja na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, pamoja na fedha iliyochangwa na ilivyotumika. Lakini nawaonya: kamati yenu ikijipa hata elfu kumi ya kikao na soda, habari hiyo itafika sokoni kabla kikao hakijafungwa, na baada ya hapo hakuna hotuba itakayomrudisha kijana uwanjani. Kama wajumbe hawawezi kukutana bila posho, basi mjipunguze mpaka mbaki wanaoweza.

Vibarua si dhambi, lakini wawekwe mahali pao. Fundi wa umeme, mwenye jenereta na vipaza sauti, na wachimbaji wa vyoo vya muda ni watu wa kulipwa, kwa sababu kazi yao ikiharibika inaweza kumdhuru mtu na mnahitaji kuwa na haki ya kuwadai. Kibaya kuliko vyote ni kuwaweka anayelipwa na asiyelipwa kwenye kazi moja, ufagio kwa ufagio. Vikundi vya ngoma navyo naviweka upande wa wanaolipwa. Wapiga ngoma na wachezaji wa sindimba wana ufundi unaotafutwa na unaowalisha, na haieleweki kwa nini mwenye spika alipwe na mwenye ngoma aambiwe kwamba hii ni sherehe yetu sote. Kama wao wenyewe wakichagua kutoa mchango wao bure, watangazwe kama wachangiaji kwa jina la kikundi chao. Na kama mnafikiria kuonyesha chochote cha jando au unyago, msikiamue ninyi. Waulizeni makungwi na wazee wenye dhamana hiyo ni kipi kinachoweza kuonekana hadharani, na wakisema hakuna, basi hakuna.

Barua yako haikutaja mwezi, na nahofia kwamba mnaweza kuuchagua kwa kuangalia nafasi ya mgeni rasmi. Uangalieni kwanza mwaka wa mkulima. Mwezi wa Ramadhani mwaka 2027 unatarajiwa kuanza Februari na kuishia Machi, wakati ambao pia ni wa palizi, hivyo hata vikao vya maandalizi vitakuwa vigumu. Kuanzia Mei ufuta unavunwa, kisha inafuata minada yake. Katikati ya mwaka wenye mikorosho wako shambani alfajiri wakipuliza dawa ya ugonjwa wa ubwiri unga, na familia zenye wali, yaani watoto walio jandoni au unyagoni, zina shughuli zao. Tarehe 8 Agosti ni Nane Nane, na watu wengi na viongozi wenu wote watakuwa viwanja vya Ngongo pale Lindi. Maulidi yanatarajiwa katikati ya mwezi huohuo, kwa kutegemea mwandamo wa mwezi. Ikifika Oktoba korosho imeshika, na nyumba iliyokuwa na watu watano inabaki na bibi na mjukuu. Mimi ningejaribu Jumamosi ya mwisho ya Agosti, lakini si mimi ninayeishi hapo. Waulizeni wenyeviti wa vitongoji vya pembeni, ambao ndio wenye watu mnaowahitaji. Wengine watapendekeza tarehe 25 Juni, siku ya uhuru wa Msumbiji uliopatikana mwaka 1975, kwa kuwa wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichoupigania uhuru huo, walipata mafunzo katika kambi ya Nachingwea. Ni siku yenye maana kubwa kwenu, na inastahili japo kipindi chake kwenye ratiba, lakini ni siku ya jambo jingine.

Hilo linanifikisha kwa yule mzee, ambaye kwa maoni yangu ndiye mtu muhimu kuliko wote waliotajwa katika barua yako. Mzee huyo hajakataa kujitolea. Amewarudishieni hesabu yenu na kuwaonyesha kwamba ina kosa. Mpango wa karanga ulianzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, na ulifutwa mwaka 1951 baada ya karanga kukataa kuota kama walivyoandika kwenye makaratasi yao. Uliacha barabara, nyumba, bandari ya Mtwara na reli iliyokuja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta ili kung'oa misitu. Lakini misitu na mashamba hayo yalikuwa na watu, na mkisema kwamba mji ulianza siku tingatinga lilipofika, mnamwambia mzee yule kwamba babu yake hakuwa mtu wa mahali popote. Tatizo hili si lenu peke yenu. Masasi, kwa mfano, wapo wanaohesabu kuanzia mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alipofika na watumwa walioachwa huru, ilhali wenyeji walikuwa wakiishi chini ya milima ile kabla ya hapo.

Dawa yake haina gharama. Badilisheni maneno ya tangazo lenu, yasomeke kwamba mnaadhimisha miaka 80 ya mji katika nchi ya watu waliokuwapo kabla ya mji. Kisha mrudieni mzee bila kalamu na bila simu ya kurekodi, mwende na mtu wa ukoo wake, na mumwombe awe mtu wa kwanza kuzungumza, hata kabla ya mgeni rasmi. Akikubali, mtakuwa mmepata kazi nzuri kuliko zote za kuwapa vijana wa sekondari: wawili wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuandika, kuwatembelea wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya karanga au ambao wazazi wao walifanya, na wale waliohamishwa ili kupisha mashamba hayo, na kuandika majina ya mahali kama yalivyoitwa kabla ya kuitwa kwa namba za mashamba. Kazi hiyo ianze mwaka huu, maana hao wazee si watu wa kuwasubirisha. Kila kijana ampelekee mzee nakala ya alichokiandika na kumsomea, ili arekebishe, kabla ya kubandikwa ukutani siku ya sherehe.

Vibali nitavitaja kwa kifupi. Mwanzo wake ni mtendaji wa kata na afisa utamaduni wa halmashauri. Sheria inataka polisi wapewe taarifa ya mkusanyiko au maandamano angalau saa 48 kabla, lakini ninyi msingoje saa hizo. Pelekeni barua mwezi mmoja kabla, na mwende na ramani ya njia mliyoichora, kwa sababu ofisa akiiona njia atawaambia mapema ni wapi gari la wagonjwa litakwama. Kwa huduma ya kwanza, Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kina watu wa kujitolea waliofunzwa, na skauti wa shule nao hufundishwa. Waombeni waje kuwafundisha wasimamizi wenu wote kwa nusu siku, badala ya kuwaomba wasimame tu na bendera.

Jambo la mwisho kwenu ni siku inayofuata. Ratiba nyingi zinaishia kwenye neno la shukrani la mgeni rasmi, na asubuhi yake uwanja una chupa, mabaki ya chakula na mashimo ya nguzo, huku mtunza vifaa wa chama cha kufa na kuzikana akizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta masinia. Tengeni kikundi kipya kabisa kwa siku hiyo, ambacho hakikufanya kazi yoyote siku ya sherehe, na chakula chake kiwe bora kuliko cha siku iliyotangulia.

Binti wa miaka 15 kupokea wageni usiku

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama mkazi wa Mikindani. Mji wetu ni mkongwe, na wapo watu wanaoandaa sherehe ya kuuenzi. Binti yangu, aliye kidato cha pili na mwenye umri wa miaka 15, amechaguliwa pamoja na wenzake kupokea wageni mchana, na kisha kuhudumia meza katika hafla ya usiku. Tumeambiwa tumshonee sare ya kitenge kwa gharama zetu. Yeye anatamani sana. Baba yake anasema nimwache, kwa kuwa ni heshima. Mimi moyo wangu umesita. Ninakosea?
Mama wa Mikindani

Hapana, mama, hukosei, na heshima anayoizungumzia baba yake inaweza kupatikana yote mchana. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, binti yako ni mtoto mpaka atimize miaka 18, na kujitolea hakumwondoi katika hali hiyo. Ningekushauri ukubali kazi ya mchana kwa masharti ambayo utayapeleka kwa maandishi, kwa upole lakini bila kuyapunguza: kwamba mtaombwa ridhaa ya maandishi ninyi wazazi, kwamba mabinti watakuwa chini ya mwanamke mtu mzima mnayemjua kwa jina, ambaye hatakuwa na kazi nyingine siku hiyo, kwamba hakuna binti atakayetumwa peke yake kumfuata mgeni hotelini, kwenye gari au mahali popote palipofungwa, kwamba atakula kabla ya saa 8 mchana, na kwamba atakuwa nyumbani kabla ya magharibi, akisindikizwa na mtu mliyekubaliana naye. Hafla ya usiku, penye vinywaji na wageni wasiojulikana, ihudumiwe na watu wazima. Hilo halina mjadala, hata kama anayeomba ni mtu mkubwa, na hata kama mabinti wote wengine wameruhusiwa. Mfundishe pia binti namba 116, ambayo ni ya simu ya huduma kwa mtoto na hupigwa bure, na umwambie wazi kwamba akijisikia vibaya mahali popote ana ruhusa yako ya kuondoka bila kuaga.

Kuhusu sare, kamati inayotaka watoto wavae kitenge cha aina moja inunue kitenge hicho. Mzazi ametoa mtoto, na hapaswi kutozwa kwa kumtoa. Mkishindwana, sare ya shule iliyopigwa pasi inampendeza mtoto kuliko nguo yoyote.

Ningependa pia uwaombe waandaaji wampe binti kazi inayomwongezea kitu kichwani kuliko kusimama mlangoni na sinia la maua. Mgeni anayefika Mikindani anaonyeshwa boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895, na anaelezwa kwamba David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mabinti wawili au watatu wanaweza kufundishwa kuyaeleza hayo wakiwa pamoja na mwalimu wao, na wakafundishwa pia kutaja biashara ya watumwa iliyopitia bandari hiyo, bila kuiruka kwa kuogopa kumuudhi mgeni. Sharti lake ni kwamba wasieleze wasichokijua. Mgeni akiuliza lililo nje ya walichofundishwa, wampeleke kwa mtu mzima. Mtoto aliyeweza kufanya hivyo mchana kutwa hatalilia hafla ya usiku, au atalilia kidogo tu.

Mafuta ni yangu?

Mwalimu, mimi ni dereva wa bodaboda hapa Masasi. Kijiwe chetu kimeombwa kuwabeba bure wazee na watu wenye ulemavu siku ya sherehe za mji, kuanzia asubuhi hadi jioni, na mafuta ni juu yetu. Tukikataa tutaonekana hatuupendi mji. Tukikubali, hesabu ya bosi ya siku hiyo tutaitoa wapi, maana wengi wetu pikipiki si zetu?
Dereva, Masasi

Ndugu yangu, anayeomba pikipiki ya mtu mwingine, mafuta yako na siku yako nzima hajaomba kujitolea. Ameomba mchango wa fedha bila kuutaja. Lakini msikatae kabla ya kuwarudishia ombi lililo bora. Kwanza, zungumzeni na wenye pikipiki. Baadhi yao ni wafanyabiashara wa mjini ambao watapenda jina lao litajwe, na wanaweza kusamehe hesabu ya siku moja, hasa wakiombwa na kamati kwa barua badala ya kuombwa na dereva kwa mdomo. Pili, mwambieni katibu wa kamati kwamba mtatoa zamu mbili, ya asubuhi ya kuwaleta watu na ya jioni ya kuwarudisha, kila moja ya saa mbili, na kwamba katikati mtaendelea na biashara yenu kama kawaida. Siku ya sherehe abiria ni wengi, na hamna sababu ya kuwakosa. Tatu, mafuta yatoke kwa kamati kwa utaratibu wa kituo kimoja cha mafuta na karatasi zenye mhuri, lita kwa lita, ili kusiwe na fedha taslimu ya kugombania kijiweni.

Kisha yapo mambo mawili ambayo kamati huenda haikuyawaza. Mzee asiyeweza kupanda bodaboda, au mtu wa kiti cha magurudumu, anahitaji bajaji au gari, kwa hiyo orodha ya abiria iandaliwe mapema na wenyeviti wa mitaa, ikionyesha nani anahitaji chombo gani na anachukuliwa nyumba ipi. Na kila abiria apewe kofia ngumu, abebwe mmoja tu, hata kama ndugu yake anasisitiza kwamba wote wawili ni wembamba. Andikeni hayo yote kwenye barua ya ukurasa mmoja, mwenyekiti wa kijiwe asaini, mwombe kamati iwajibu kwa maandishi, na msimwahidi mzee yeyote usafiri mpaka jibu hilo limefika na kituo cha mafuta kimethibitisha kwamba kimelipwa.